Kurasa Zilizogoma Kufunguka

Tulikuwa watu sita tuliopenda lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta, lugha isiyotumiwa na wengi. Tulitaka wiki yetu, yaani tovuti ambamo kila mmoja wetu angeweza kuandika na kusahihisha maelezo ya lugha hiyo kwa Kiswahili. Mimi niliishi Same mjini. Mkubwa wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, anayekaa Hedaru.

Ulipofika wakati wa kuchagua programu ya kuendeshea wiki, mwalimu alitaka ile inayotumiwa kila mahali. Mimi nikang'ang'ania nyingine ndogo, iliyoandikwa kwa lugha ileile tuliyoieleza. Nilisema ni aibu kuisifia lugha yetu halafu tukategemea kazi ya lugha nyingine. Wenzangu wakanikubalia. Mwalimu aliuliza ni watu wangapi wanaoitunza programu hiyo. Nikajibu ni mmoja, ila hodari.

Miaka miwili mambo yalikwenda. Kisha likatoka toleo jipya la lugha, nami nikaliweka kwenye seva, kompyuta iliyohifadhi wiki yetu, asubuhi moja hata chai sijanywa. Wiki ikagoma kuwaka. Nikarudisha toleo la zamani. Ikawaka, lakini kurasa zilikuwa tupu, vichwa vya kurasa tu bila maelezo. Hatua za kurekebisha nilikuwa nimeziandika mwenyewe, kwa makini kabisa, kwenye ukurasa mmoja wa tovuti hiyohiyo. Nikakimbilia nakala ya akiba. Ilikuwa imejiandika upya baada ya uharibifu, nayo tupu vilevile.

Nilimwandikia mtunzaji wa programu mara nne. Kimya. Siku ya tatu hata kupika sikupika. Nilikaa mbele ya skrini, upepo ukitikisa bati, nikirudia amri zilezile huku nikijua hazitafanya kazi. Wenzangu walikuwa wameziandika kurasa zile baada ya kazi zao, wengine kwa simu tu. Mmoja akauliza kwenye kundi letu la simu kama mtandao wa kwake ndio mbovu. Nikajibu, "Labda." Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Siku ya nne nikapanda basi kwenda Hedaru.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza yote nikilia. Nilingoja anikumbushe swali lake la miaka miwili iliyopita, hakulitaja. Aliingia ndani akatoka na faili. Kwa kuwa macho yake hayakuvumilia skrini, alikuwa akichapisha kurasa alizozihitaji pale steshenari ya stendi. Zilikuwa arobaini na kitu, kati ya mia tatu.

"Na nyingine?" nikauliza.

"Nyingine zimekwenda, binti yangu. Waambie wenzako sasa hivi, usingoje kesho."

Niliwaambia nikiwa palepale barazani kwake. Wawili walijitoa kundini. Tukahamia programu aliyoitaka mwalimu, nami nikaandika upya karatasi zake, moja baada ya nyingine. Hatujafika hata nusu ya tulipokuwa. Ukurasa uliokuwa bora kuliko yote aliuandika mmoja wa wale wawili waliojitoa. Namba yake ninayo, ila sijathubutu kumwomba auandike tena.