Viatu vya Baba Mkwe

Nilimharibia baba yangu jina kwa jozi moja ya viatu. Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye, na sijawahi kumweleza mtu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza sekondari ya misheni na kupata ukarani bomani Dodoma. Kijijini kwetu, upande wa Mpwapwa, baba alikuwa fundi wa ngozi. Watu walimletea ngozi za ng'ombe kutoka mbali, naye alizilainisha na kukata makubazi, mikanda na kamba. Nilipochumbia, wazee wa pande mbili walipatana idadi ya mifugo, kisha baba wa binti akaongeza neno: alitaka na viatu vya Kiingereza vyenye chapa, kama vya bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Alikuwa mzee wa kanisa, akatamani kuingia navyo ibadani.

Duka la Mhindi mmoja mjini lilikuwa navyo. Sikwenda. Karibu na stesheni palikuwa na mchuuzi aliyeshuka na treni ya pwani, ametandaza viatu vyake vya bei nafuu juu ya turubai.

"Hivi ni vya Uingereza kweli?" nikamuuliza.

"Soma mwenyewe, bwana karani. Mimi mjinga tu, nitamdanganyaje mtu aliyesoma?"

Nikageuza kimoja. Chapa ilikuwa kwenye soli, na maneno ya Kiingereza chini yake. Niliyasoma kwa sauti ili waliosimama pale wasikie. Nikanunua.

Nyumbani baba alikichukua kiatu, akakinusa, akakikunja, akapitisha ukucha ukingoni mwa soli. Kisha akalamba kidole na kupaka mate. Akangoja. Rangi ikatoka, na chini yake pakavimba.

"Mwanangu, hii haikutoka kwa mnyama."

"Baba, imeandikwa."

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba ni ngozi halisi, imetengenezwa Uingereza. Ngozi za Wazungu si kama hizi zako za kukanyaga kwa miguu."

Mama, aliyekuwa akipepeta mtama, akaacha. Baba akakirudisha kiatu ndani ya boksi taratibu.

"Haya. Aliyesoma ni wewe."

Vikapelekwa pamoja na ng'ombe.

Jumapili moja, mvua zikiwa zimeanza, mkwe alivuka korongo lenye mchanga uliolowa, akafika kanisani soli zimefumuka. Ndani yake mlikuwa na karatasi, tabaka juu ya tabaka, zimegandishwa kwa gundi. Mtani wake akapaza sauti mlangoni: "Mzee, kiatu chako kimeachama! Kipe ugali basi!" Watu wakacheka mpaka mchungaji akatoka nje.

Wiki haikuisha, mshenga akaturudishia ng'ombe wetu. Viatu vilikuwa vimefungwa kwenye pembe za yule wa mbele. Majirani walikuwa wamejaa uani.

"Mkwe wako anasema hivi," mshenga akamwambia baba. "Angedanganywa na mtu asiyejua ngozi, angesamehe. Lakini wewe?"

Nilikuwa likizo, nimesimama kando ya zizi na suruali yangu iliyopigwa pasi. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingetosha kumwokoa baba. Baba hakunitazama.

"Nilivichagua mimi," akasema. "Macho yangu yamechoka."

Hakuna aliyeamini habari ya macho. Waliamini kwamba fundi alijua, akapeleka karatasi kwa makusudi ili kumdhihaki mzee wa kanisa. Tangu hapo ngozi zikapungua kuletwa, kisha zikakoma. Watu wakawa wanazipeleka kwa fundi mwingine nyuma ya kilima. Binti aliolewa Kondoa. Mimi nilikuja kuoa kwingine, na hilo lilipoa. Baba hakupoa. Alishinda kwenye kigoda chake, kisu kimenolewa, hana cha kukata, wala hakunitupia neno la lawama.

Kila likizo niliazimia kuwaita majirani na kusema ukweli. Kila likizo nilipata sababu: mavuno, ugonjwa, safari fupi. Nilikuwa mjini simu ya maandishi ilipofika kwamba amefariki.

Mazikoni walimsifu kwa kilimo na ukarimu wake. Habari ya ngozi hakuna aliyeigusa. Kama mtoto wa kwanza nilipewa nafasi ya kusema, mbele ya watu walewale. Niliwashukuru kwa kuja, nikaketi.