Sensa Haikunihesabu

Nilipanda juu ya meza, nikabandika plasta kwenye kile kijicho cheupe cha darini, nikashuka nimeridhika, nikakaa gizani mchana kutwa nikiilaumu nchi.

Naanza na hilo kwa sababu nikichelewa wenzangu wa pale jengoni wanalianza wao. Kijicho chenyewe kilikuwa kidogo kama kifuniko cha soda, kimetokeza kwenye jipsam juu ya kichwa changu, na siku kilipofungwa sikuwepo hata niambiwe ni cha nini. Mie nikajijibu mwenyewe: kamera. Mzee mwenye jengo kaamua kutuchungulia, nani anakula kazini, nani anasinzia, nani kavua viatu kapandisha miguu kitini. Yote matatu nafanya. Basi nikachukua plasta ya kidonda, nikalifumba lile jicho. Haikupita muda taa ikazimika, nikajua umeme umekatika. Kila aliyepita ukumbini nikampa pole ya umeme. Nilimpa pole hata jirani yangu, dada wa saluni, ambaye chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na nilimpa pole hiyo huku draya yake ikiunguruma nyuma yake. Hakunisahihisha. Alishukuru, akaenda kuwahadithia wateja.

Kazi yangu ni kofia. Kofia za mkono, zile nyeupe zinazotobolewa vitundu vidogo na kuzungushiwa uzi, kitundu baada ya kitundu mpaka ua litokee. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ni kazi isiyotaka nguvu wala elimu kubwa, na ni bahati yangu, maana niliishia kidato cha nne, na kwenye mtihani wa fizikia swali la balbu nililijibu kwa maelezo marefu ya jinsi inavyopendeza usiku. Kofia inataka vitu viwili tu, utulivu na mwanga. Utulivu nimezaliwa nao. Mama alikuwa akisema mie nikishakaa hata kuku ananipanda. Mwanga ndio ulionitoa nyumbani.

Kwetu Tandika nilikuwaga na dirisha langu, nimelikalia tangu nimalize shule, na mtu akitaka kunikosea adabu alikuwa ananiambia nitembee kidogo nione dunia. Dunia ilikuwa inapita dirishani, nitembee ya nini? Halafu nyumba ya nyuma wakapandisha ghorofa. Ukuta wao ukaja kusimama mbele ya dirisha langu kama mgeni anayekuzibia televisheni, na ikawa saa sita mchana siuoni uzi. Kwa mtu kama mie, ambaye kwenda Buguruni kununua kitambaa naaga nyumba nzima kama ninayehama, kukodi chumba cha kazi lilikuwa jambo la kulia. Nikalia kidogo, kisha nikakodi: ghorofa ya kwanza ya jengo la biashara, mwendo wa miguu kutoka kwetu, chumba chenye dirisha kubwa linalotazama barabara na tyubulaiti mbili. Dirisha nililipenda sana. Wiki hiyohiyo nikalitundikia pazia zito, kwa sababu watu wa barabarani walikuwa wananiona.

Nilikaa humo hivyo, dirisha nimelificha na tyubulaiti nimeziwasha, mpaka mzee mwenye jengo alipoamua kubadilisha taa zote. Kusema kweli alikuwa na haki. Ukumbini taa ziliwaka na jua likiwa kali. Ya chooni haikuzimwa kamwe kwa sababu swichi yake ilishajifia. Kulikuwa na chumba kimefungwa kwa kufuli na mwenyewe kasafiri, na chini ya mlango tunaona mwanga, humo ndani taa inawaangazia mende. Akamleta dada mmoja mbunifu wa taa. Mbunifu wa nguo nilikuwa namjua, wa taa ndiyo mara ya kwanza kusikia. Alikuja na kidude kama kikokotoo, anakiweka juu ya meza, kinamwambia mwanga umefika kiasi gani. Akasema jengo letu lina mwanga mwingi pale ambapo hakuna anayesoma kitu, na kidogo pale ambapo macho yanafanya kazi, na alipofika mezani kwangu akatikisa kichwa. Nikampenda hapohapo. Sijawahi kuhurumiwa kwa kipimo.

Taa mpya za LED zilifungwa, chache kuliko zile za zamani, na zilikuwa nzuri mpaka zikaniumbua. Chini yake niliziona kofia zangu zote za nyuma zilivyopinda.

Dada huyo wa taa ndiye aliyekuja kuibandua plasta. Alipanda mezani kwangu, akaishika kwa ncha za vidole, akauliza nani kaumia. Nikamwambia dari. Ndipo akanieleza kwamba kile si kamera, ni sensa.

"Mbona tulishahesabiwa?" nikamwuliza. "Karani alikuja mpaka nyumbani."

Alikaa kwanza kwenye kona ya meza, akacheka mpaka akafuta macho. Akasema mafundi ndivyo wanavyokiita, sensa, na kazi yake ni kusikia joto la mtu linapohama. Ukiingia inawasha, ukitoka inazima, hakuna tena kuwaangazia mende. Nikaona safi. Nikamshukuru, na yeye akaondoka kwenda kwenye jengo jingine huko Kinondoni.

Sasa fikiria mtu anayeshona kofia. Mgongo hautikisiki, kichwa hakitikisiki, mikono iko mapajani. Kinachocheza ni vidole viwili na sindano. Nikimaliza petali moja ya ua, giza. Nainua mkono napunga, mwanga. Naanza petali ya pili, giza. Napunga. Jirani yangu wa saluni akawa anapita makusudi, anasimama mlangoni na kuniuliza namuaga nani. Nikapata akili, nikafunga kipande cha kitambaa kwenye feni ili kicheze badala yangu. Kitambaa kikacheza kutwa nzima, na sensa haikukijali hata kidogo, maana inatafuta joto la mwili na kitambaa hakina homa. Huo ndio mwisho wa fizikia yangu.

Ningeendelea kupunga mpaka leo kama mzee asingepanda ngazi asubuhi moja na simu yake mkononi. Nikasimama, shikamoo baba, marahaba mwanangu, akaulizia nyumbani, akaulizia mama. Ni mtu wa adabu. Kisha akanionyesha kwenye simu vyumba vyote vya jengo lake vilivyopangwa kama vigae. Kila sensa inatuma habari zake humo, chumba chenye mtu kinakuwa cha kijani na kisicho na mtu kinakuwa cha kijivu. Saluni ya jirani kijani kutwa. Kwa fundi simu kijani. Changu kilikuwa kijivu karibu siku nzima, na kijani kidogo cha asubuhi, cha chakula na cha kuondoka, na vitone vya kupunga.

"Mwanangu, chumba chako hakina mtu," akaniambia, mie nimesimama mbele yake.

"Baba, mtu ndiye huyu unayemwambia."

Akasema kwa upole kwamba mashine haina sababu ya kunionea. Yuko mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki anatafuta stoo, na ni dhambi chumba kizuri kukaa bure. Nimalize mwezi, halafu atanipa nafasi ndogo chini ya ngazi, palepale jengoni, maadamu siji mara kwa mara. Chini ya ngazi hakuna dirisha. Hata la kuliwekea pazia.

Alipoteremka, watu wa ghorofa yetu wakajaa chumbani kwangu na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja: punga tu. Punga sana, simu yake ijae kijani, yaishe. Fundi simu akasema nicheze singeli kidogo kila baada ya kofia. Jirani wa saluni, ambaye hajui kuzungusha maneno, akaniambia naringa.

Pengine naringa. Lakini palepale mbele yao nikasema sipungi tena. Karani wa sensa ya serikali alinikuta nimekaa kitini na kofia yangu mapajani, akaniandika, hakuniambia nisimame nicheze kwanza ndipo aamini kwamba nipo. Mtu anayekwenda na kurudi ukumbini, simu sikioni, "nakuja boss, nakuja boss," na haendi popote, huyo anaitwa mchapakazi na taa zinamwamini. Mie niliyeinama tangu asubuhi mpaka shingo inagoma naambiwa sipo. Nikitikisa mkono ili nionekane nafanya kazi, hapo ndipo siifanyi, uzi umeshapinda. Na chumba sihami. Kama nilitoka nyumbani kwetu kwa machozi, chini ya ngazi hawanipeleki kwa upole. Nikakaa, nikaanza kushona, na taa ilipozimika mbele ya mashahidi wale wote waliokuwa wameganda wakinishangaa, sikuinua hata kidole.

Kwa kiburi kile nikashona siku kadhaa pazia likiwa wazi kiasi cha upana wa kiganja, nimejibanza kwenye kile kichirizi cha mwanga. Kwenye simu ya mzee nadhani nilikuwa nimeshafariki. Nikampelekea ujumbe wa heshima: kabla mwezi haujaisha, baba, njoo ukae na mie chumbani muda kidogo, uje na yule dada wa taa, nami nisipokuwepo machoni mwenu nitahama bila neno.

Walikuja mchana mmoja wa mawingu. Pazia nililifunga lote. Nikampa mzee kiti kizuri, dada wa taa akakaa kwenye benchi, na jirani yangu akapata ghafla kazi ya kufagia nje ya mlango wangu. Tukasubiri taa izime. Haikuzima. Nilikuwa nimesahau kwamba mzee anaongea kwa mikono. Akieleza bei ya saruji anaijenga nyumba nzima hewani, akieleza Madale alikonunua kiwanja anapanda vilima vyote kwa viganja, na taa inawaka juu yake kama harusini. Nikaona chumba kinaondoka hivihivi.

Ndipo nikamwambia macho yangu yamechoka, baba, hebu nisaidie kutunga uzi kwenye hii sindano.

Hakuna mzee atakayekubali kwamba hawezi kutunga uzi. Akaipokea, akavaa miwani, akaulamba uzi, akanyamaza. Jengo lake lote la hewani likasimama ujenzi. Aliinamia tundu la sindano na pumzi ameibana, uzi unaenda kulia, unaenda kushoto, hauingii. Dada wa taa alikuwa ameshaelewa. Alikunja mikono akatulia kama picha ya pasipoti. Mie nilifanya ninachokijua tangu utoto. Nje ufagio ukaacha kulia.

Taa ikazimika.

"Nani kazima?" mzee akauliza.

"Hakuna aliyezima, baba. Chumba hakina mtu."

Nikasikia ukumbini mtu anajizuia kucheka kwa kitambaa mdomoni. Dada wa taa akasimama, mwanga ukarudi, akamwambia mzee kwa sauti ya kazi kwamba kwenye mchoro ambao yeye mzee aliwapa mafundi chumba hiki kimeandikwa stoo. Sensa ya stoo ni ya watu wanaoingia na kutoka. Mafundi wangejua kuna mtu anakaa kutwa, wasingeifunga hii. Mzee akakohoa. Kuitwa stoo kuliniuma kuliko kuitwa kijivu.

Nilidhani dada wa taa ameshanishindia kesi, kumbe nami nilikuwa na zamu yangu ya kuumbuliwa. Alikwenda dirishani, akalishika pazia langu zito, akauliza taa kubwa kama hii ya bure nimeizibia nini. Nikasema watu wananiona. Akasema ndicho nilichokuwa nadai, nionekane. Akalivuta. Hata mchana ule wa mawingu chumba kikajaa mwanga, na mzee, ambaye hakuwa ameachia sindano, akaisogeza dirishani, uzi ukapita mara moja. Akanikabidhi.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Wa vipuri nitampa chini ya ngazi."

Meza ikahamia dirishani, na pazia likabaki la nusu ya chini, hilo sikulegeza. Juu ya meza ikafungwa taa moja ndogo yenye mwanga unaoangukia mikono tu, ya siku za mawingu na jioni. Na kwa kuwa hakuna sensa anayoiamini kwa mtu wa aina yangu, dada wa taa akaniwekea swichi ya kawaida ukutani, ninayoifikia bila kusimama. Ni mie peke yangu mwenye swichi ghorofa nzima. Siku ilipofungwa niliwasha na kuzima mpaka fundi akaniomba niihurumie, na jioni niliondoka nimeinua shingo, nikawaaga wote mmoja mmoja, hata wasiotaka.

Kesho yake asubuhi nilipopanda ngazi, jirani yangu wa saluni alikuwa amesimama mbele ya mlango wangu, mikono kiunoni. Chini ya mlango mwanga ulikuwa unatoka, umelala unawaka usiku kucha. Alinitazama mie, akautazama mwanga, akanitazama tena.

"Shosti, swichi umeigombania kama jimbo la uchaguzi, kuizima hujui."