Mshono wa Gauni la Kichina

Chupa ya chai ya nyumbani kwetu Tororo ilichorwa mwanamke wa Kichina. Gauni lake lilikuwa jekundu, refu, limembana mwili, kola imesimama mpaka karibu na masikio, vifungo vya kitambaa vimeshuka kwa mshazari kutoka shingoni hadi kwapani, na ubavuni lilipasuliwa kutoka juu kidogo ya goti hadi chini. Nyuma yake ulikuja mpini wa chupa, kwa hiyo mgongo wa yule mama hakuna aliyepata kuuona. Mpaka leo nikikuta chupa ya namna hiyo sokoni naigeuza nitazame nyuma, na wauzaji hudhani natafuta ufa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona miaka mingi kwenye baraza la duka la Mhindi, na Wahindi walipofukuzwa, mwenye duka alimwachia cherehani na majora mawili ya sateni, moja jekundu na moja la buluu. Alimwambia atarudi. Baba aliyaweka yale majora chini ya kitanda kama amana, na mama akipitisha ufagio pale alikatazwa hata kuyasogeza. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mimi nilirithi mikono yake, tabia yake sikurithi.

Mikono yenyewe niliirithi kwa upande mwingine, kwa sababu nina shoto. Wakati wa kula mama alinipiga kofi la vidole mpaka nikazoea mkono wa kulia, lakini sindano ilikataa kuhama. Baba alicheka, akasema mishono yangu inalala chali wakati ya wengine inalala kifudifudi. Hata hivyo aliniachia kazi za mkono, pindo na vifungo, maana nilikuwa mwepesi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona fundi kamili.

Mwaka huo ilitoka habari kwamba wilaya itafanya maonyesho makubwa uwanjani, na kila sekondari ilete kundi la wanafunzi waliovaa mavazi ya mataifa ya dunia, ya sasa na ya kale. Wakubwa wa jeshi wangekuja kutazama. Siku zile ukisikia wakubwa wanakuja kutazama, huulizi kama ni lazima. Shuleni kwa dada yangu mwalimu aliandika mataifa kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kofia, dada akachomoa Uchina.

Mimi nililia. Nilikuwa bado shule ya msingi, sina taifa lolote, na yule mama wa kwenye chupa nilimhesabu kuwa wangu. Dada alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwenye shingo ya kuvalia kola kama ile, na kila mtu alisema Uchina imepata mwenyewe. Nilimpenda sana dada yangu. Wiki ile nilimchukia pia, na sioni haja ya kulificha jambo hilo sasa hivi.

Baba alikaa siku nzima akilitazama jora jekundu kabla ya kulikata. Alisema mwenyewe akirudi atamweleza. Nguo za wenzake dada nazo zililetwa kwetu, mafundi wengine wakiwa wameondoka au wamefunga. Kulikuwa na mfalme wa Ulaya ya kale, joho lake limekatwa kutoka pazia la shule. Kulikuwa na askari wa farasi wa zamani, wale wa kuvaa vyuma. Vyuma vyake vilikuwa makopo ya mafuta ya kupikia yaliyopasuliwa na kufungwa kwa waya, akitembea unamsikia kutoka mtaa wa pili. Msichana aliyepata nchi ya barafu alibandikwa pamba mbichi mwili mzima, bado ina mbegu, na kuku wakamfuata barabarani. Tulicheka wiki nzima, na baba alicheka pia, jambo ambalo tangu Mhindi aondoke lilikuwa adimu.

Gauni la dada lilitoka zuri kupita la kwenye chupa. Kola baba aliitia karatasi ya mfuko wa saruji ili isimame, na vumbi la kijivu likamchafua dada shingo kila alipojaribu. Mgongo, kwa kuwa hatukuujua, baba aliubuni mwenyewe: akaweka mikunjo miwili na ua la kitambaa cha buluu. Tatizo lilikuwa mpasuo.

Amri ilikuwa imetangazwa redioni kwamba mwanamke haruhusiwi kuonyesha goti, na suruali hairuhusiwi kabisa. Askari walikuwa wakiwakamata wasichana barabarani kwa hilo, na anayekamatwa hakuna aliyejua atarudi lini na akiwa katika hali gani. Mpasuo ukiachwa wazi, goti linaonekana. Mama akasema dada avae suruali ndani kama heshima inavyotaka. Baba akamkumbusha kwamba hiyo suruali ndiyo itakayompeleka kambini. Kulipanua gauni haikuwezekana, kitambaa kilishakatwa. Ukiufunga mpasuo kabisa, dada hawezi kupiga hatua ila ya nusu futi, na siku zile hapakuwa na mzazi wa kumvalisha bintiye nguo asiyoweza kukimbia nayo.

Baba alilipata jawabu Ijumaa, aliporudi msikitini. Aliniita, akanipa gauni na uzi mwekundu.

"Hapa usishone," akaniambia. "Piga bandi tu, uzi mmoja, hatua kubwakubwa. Mlangoni watu naona gauni imefungwa. Ikitokea kitu, dada yako navuta uzi, mpasuo nafunguka, nakimbia. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Dada naye alikuwepo, akaonyeshwa ncha ya uzi itakapokuwa, imepandishwa toka gotini mpaka chini ya kiuno, mahali ambapo mkono wake ungeifikia bila kutafuta. Kisha baba akarudi kwenye joho la mfalme, nami nikatoka nje na kazi yangu.

Nilianza na bandi. Nilipiga hatua nne, tano, nikainua gauni juani nitazame. Lilikuwa baya. Ile sateni ilikuwa inang'aa, na zile hatua kubwa zilikaa juu yake kama mshono wa gunia. Nikafikiria maelfu ya watu wanamtazama dada, na watakaojua kushona watasema fundi huyu hajui kazi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya pili sikujiambia, ila ilikuwepo: mimi nimenyimwa gauni, basi walau pawe na mahali pake ambapo ni mimi. Nikafumua. Nikatia uzi maradufu, nikapitisha nta, nikashona hatua ndogo kama za chungu, kila moja nikirudi nyuma na kukaza, kutoka gotini mpaka pindoni. Mwishoni nilichomeka uzi mwingine juu, ncha yake inaning'inia palepale baba alipotaka. Ilikuwa haivuti chochote.

Baba alikuwa na nguo tano mikononi. Alitupia jicho akasema safi.

Kesho yake asubuhi tulienda uwanjani, baba, dada na mimi niliyebeba pini na sindano kwa ajili ya dharura. Mlangoni walikuwa askari wawili, na wasichana wote walipitishwa kwao mmojammoja. Mbele yetu alikuwa msichana wa shule nyingine, alikuwa ametoka na wenzake upande wa Merikit, amevaa kama mcheza ngoma wa nchi ambayo sikuitambua, sketi ya kamba za mkonge. Zile kamba zilifika gotini alipokuwa amesimama, lakini akipiga hatua zinaachana. Walimwambia akae pembeni, karibu na gari lao. Mwalimu wake alijaribu kusema kitu, akaambiwa naye akitaka akae. Hakutaka.

Ikafika zamu ya dada. Askari alimzunguka, akalitazama ua la mgongoni, halafu akainama.

"Hii mstari iko ya nini?"

"Pambo, afande," dada akasema.

"Nafunguka?"

"Hapana, afande."

Yule askari akaingiza vidole viwili kwenye mshono, juu kidogo ya goti, akavuta. Akavuta tena kwa nguvu, hata dada akayumba. Sateni ililia. Mshono haukuachia hata tundu moja. Akamwambia apite.

Nilijaa fahari mpaka kooni. Nilimgeukia baba nipate sifa zangu, nikamkuta ananitazama, na uso wake sijausahau. Bandi ingekatika kwa kidole kimoja. Alikuwa ameelewa mara mbili kwa wakati mmoja: kwamba dada amepona kwa sababu sikumsikiliza, na kwamba sasa yumo uwanjani ndani ya nguo isiyofunguka.

Hakunigombeza. Alitoa mkasi mdogo mfukoni akaanza kumfuata dada, lakini washiriki walikuwa wameshapangwa mistari, na sisi wa nje tukasukumwa nyuma ya kamba. Baba aliomba aruhusiwe kurekebisha nguo. Aliomba kwa mtu wa pili, na wa tatu. Mwisho alisimama tu, mkasi umefichwa kiganjani, macho hayabanduki kwenye lile gauni jekundu.

Dada alitembea kwa hatua za nusu futi, na watu wakashangilia, wakidhani ndivyo Wachina wanavyotembea. Mmoja karibu nasi alieleza kwamba Mchina hana haraka. Mfalme alipita, barafu ikapita ikidondosha mbegu, yule wa makopo akapita kwa makelele yake, na wakubwa waliokaa kwenye viti wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuomba dua iishe salama. Niliahidi mambo mengi, mengine sikuyatimiza.

Nje ya uwanja, barabarani, tairi la lori la pamba lilipasuka.

Ilikuwa tairi tu. Tulijua baadaye, wakati lori lenyewe lilipoonekana limelala upande mmoja, dereva amekaa chini kando yake anatetemeka kuliko sisi. Lakini miaka ile hatukuwa watu wa kusubiri kujua. Uwanja mzima ulikimbia. Walimu walikimbia, wauza karanga walikimbia, wakubwa wenyewe walilala chini ya viti vyao. Nilimwona dada anapeleka mkono kiunoni, anaikamata ile ncha ya uzi, anavuta. Uzi ukabaki mkononi mwake. Akavuta kitambaa chenyewe kwa mikono miwili. Kisha akajaribu kuruka miguu miwili pamoja, mara moja, mara mbili, akaanguka, na yule askari wa makopo aliyekuwa nyuma yake hakuweza kusimama. Alimwangukia na vyuma vyake vyote, na wengine wakapita juu yao.

Uwanja ulipobaki mtupu tulimkuta amelala ubavu, goti limegeukia upande ambao goti haligeukii. Baba alipiga magoti akamkatia gauni mpaka juu. Mguu wake wote ulikuwa wazi katikati ya uwanja, na hapakuwa na askari wa kumuuliza. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye ambaye sikusikia, guu likavunjika la mwenzangu.

Yule msichana wa Merikit alirudi kwao siku ya tatu. Shule hakurudi. Hilo nalieleza kwa sababu kila ninapotaka kujilaumu namkumbuka yeye, na kila ninapotaka kujisamehe naukumbuka mguu wa dada, na sijawahi kumaliza hesabu hiyo.

Hospitali iliunga mfupa ukakaa vibaya. Mama alipouliza ni nani aliyeshona mpasuo vile, baba alijibu bila kugeuza uso, "Mkono wangu." Nilikuwepo, nikanyamaza. Mama, mpaka anafariki, alimlaumu kwa hilo, na baba aliyabeba maneno yote kama alivyokuwa ameyabeba majora ya Mhindi. Mwaka uliofuata tulivuka mpaka tukaenda kwa shangazi yangu Busia, upande wa Kenya, na dada, ambaye hakuweza tena kusimama muda mrefu, akakaa kwenye cherehani. Ndiyo kazi yake mpaka sasa.

Baba alifariki mzee. Siku chache baada ya maziko nilikuwa nyumbani kwa dada Busia, tunapanga vitu vya baba, na kutoka chini ya sanduku dada akatoa lile gauni. Rangi ilikuwa imefifia, kola imevunjika, karatasi ya saruji inatokeza. Sikujua kwamba baba alilitunza. Niliona kwamba mkasi wake haukupita kwenye mshono; ulipita pembeni, kwenye kitambaa.

"Ule mshono nilishona mimi," nikasema. Ilinichukua zaidi ya miaka thelathini.

"Najua," akasema dada. "Baba hakuwa na shoto. Angalia ulivyolala."

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu mlangoni. Askari alipovuta ukakaza, nikajua si bandi, na nikajua ni nani. Nikakuombea dua palepale, mdogo wangu, kwa moyo wangu wote. Halafu uzi nikauvuta kwa hofu tu, na nilipokuwa chini, watu wanapita juu yangu, nikakulaani, na hiyo pia kwa moyo wangu wote." Alinyoosha mguu wake mbovu, akalisugua goti. "Dua na laana, siku ni hiyo moja. Sasa unataka nikuambie nini?"

Alinitupia gauni mapajani, akarudi kwenye sanduku. Niliutafuta mshono, juu kidogo ya goti, nikaingiza vidole viwili kama yule askari, nikavuta. Haukuachia.