Oveni Tatu Kwenye Laini Nyekundu

Saa nne asubuhi, nyuma ya duka la mikate mjini Ruiru, Naliaka Khisa anafungua kabati la umeme taratibu, kama kasisi anayefungua tabenakulo. Wakanda unga wanaacha kazi kumtazama. Kinyozi wa ghorofani ameshuka kushuhudia. Mteja wake amemfuata, kichwa kimenyolewa nusu.

Mwenye jengo, Mama Lynn, amekunja mikono. Inverta ya kwanza, kifaa cha kugeuza nguvu za sola kuwa umeme wa jengo, ilifungwa na fundi mwingine, ikawa inazima kila mara oveni zilipopata moto, na mikate ikatoka mibichi katikati. Ameshatoa neno: hii ya pili ikizima, anarudia jenereta, na Naliaka atazishusha paneli za sola mwenyewe. Kwa Naliaka, hili ni jengo la kwanza la biashara.

"Muuzaji wa Thika alisema nichukue ya kilowati thelathini," asema Mama Lynn. "Wewe umeleta ya kumi na tano. Fundi, unanionea huruma ama unanionea?"

Siku ya kwanza, Naliaka hakutaja inverta yoyote. Alibana mita ya kupimia umeme kwenye waya mmoja mmoja, akasoma. Umeme wa jengo hili huingia kwa laini tatu: nyekundu, njano na buluu. Inverta nayo hugawa nguvu zake mafungu matatu, kila laini na lake. Njano ilibeba taa. Buluu ilibeba kinyozi. Nyekundu ilikuwa imetwishwa oveni zote tatu.

"Nilimpigia simu aliyezifunga," asimulia Naliaka. "Nikamuuliza, mzee, mbona zote hapo? Akanijibu bila wasiwasi: 'Mami, nyekundu ndiyo iko na moto.'"

Wakanda unga wanacheka. Mama Lynn hacheki.

"Kwani si ukweli?"

"Ni rangi tu, mathe," ajibu Naliaka, mzaliwa wa Bungoma aliyejifunza kazi kwenye mota za kiwanda Thika. "Punda mmoja alibeba, wawili wakatembea bure. Halafu ukaambiwa ununue punda mkubwa."

Basi kila laini ikapewa oveni yake. Kisha akachagua inverta inayovumilia laini moja ikizidi nyingine, maana mikate haiingii motoni kwa pamoja, na yenye msukumo wa kuamsha mashine ya kukanda.

Sasa anakata umeme wa nje. Friji inanyamaza, kisha inanguruma tena. Anawasha oveni ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Taa ya inverta inabaki kijani. Mashine ya kukanda inazunguka. Kijisanduku hicho, kisichofikia ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni, kimening'inia ukutani, kinakunywa jua na kuoka mkate.

Mkate wa kwanza ukitoka, Mama Lynn anaupasua, anabonyeza katikati. Umeiva. Anampa Naliaka nusu.

"Sasa natafuta jengo lenye lifti, pale Thika," asema Naliaka, mdomo umejaa. "Nataka lifti ipande kwa jua."

Mama Lynn anatafuna, anafikiri.

"Siku hiyo uniite," asema. "Lakini mimi nitapanda na ngazi."