Mukashyaka anafuta alichokigawa mwenyewe

Umeme umerudi saa tatu na nusu asubuhi, na Mukashyaka hana muda wa salamu ndefu. Kibanda chake cha mbao, kwenye njia inayoteremka kutoka kambi ya Katindo mjini Goma, kina meza moja, kompyuta yenye kioo kilichopasuka, na kochi la watu wawili ambalo leo limekaliwa na wanne. Wote wanataka kutiliwa filamu kwenye simu. Hakuna anayejua anataka ipi, na ndiyo sababu wamekuja kwake.

"Weye uko na hasira, naona," anamwambia mwanamke anayeuza makaa. "Chukua hii ya wajane watatu wenye banafungua bulanjeri, duka ya mikate. Ule mukubwa ni mubaya sana, lakini utamupenda. Usianze Jumapili. Kesho yake hautaenda kazi."

Fundi cherehani mmoja, mzee wa makamo, anapewa kitu alichokiokota kwenye intaneti: bwana wa Butembo anayetengeneza redio huku akizigombeza moja moja kwa majina. "Dakika ine tu, papa. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta."

Ana miaka arobaini na mmoja, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na mitatu. Mei 2021, volkano ilipolipuka na mji ukaamriwa kuhama, alikwenda Sake kwa miguu akiwa amefunga diski yake mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Darasa alilolala halikuwa na umeme. Basi usiku na mchana akawasimulia watu waliounguliwa nyumba tamthilia nzima, sehemu kwa sehemu, na wengine wao hadi leo wanapanda Katindo kudai kuiona kwa macho.

Zamani alihudumia watu arobaini kwa siku. Siku hizi wakifika kumi na wawili, anashukuru. Faranga mia tano za Kongo kwa simu moja, umeme ukikubali.

Lakini hasira inayomtoka machoni asubuhi hii haitokani na faranga. Kabla mteja hajaondoka, Mukashyaka ananyoosha mkono. "Nionyeshe simu. Ile video ya barabara, ukonayo?" Ukiwa nayo, anaifuta mbele yako na kukutilia filamu tatu za bure. Ukikataa, unarudishiwa pesa yako na kuonyeshwa mlango.

Hapendi mtu azungushe maneno, nasi hatutazungusha. Mwishoni mwa Januari mwaka huu wa 2025 mji ulitekwa na waasi, ukabadilisha wenyewe. Milio ya bunduki ilipotulia, watu walikuja kibandani wakitaka habari tu. Nani anakumbuka filamu siku kama ile? Guylain, mteja wake wa miaka mingi, akaleta flashi yenye video kadhaa. "Mama, gawa hii, ni kali. Baangalie mpaka mwisho."

Mukashyaka ana sharti moja ambalo wateja wote wanalijua: hatoi kitu ambacho yeye mwenyewe hajakimaliza. Siku ile alilivunja. Watu walijaa mpaka nje, umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, na kila mmoja alikuwa akimvuta kanga. Alibonyeza, akagawa. Watu kumi na mmoja waliondoka na video zile.

Alasiri, walipokwisha kutawanyika, alikaa kuangalia. Ya pili ilionyesha kando ya barabara fulani. Wanaume wamelala majanini, na simu inapita juu yao uso kwa uso, huku aliyeishika akicheka; chini pameandikwa, 'Angalia mpaka mwisho.' Uso wa nne ulikuwa wa Ntirenganya, mdogo wake, kitindamimba wa mama yao. Alikuwa ameondoka kwao Kalengera, kaskazini mwa Goma, juma lililotangulia akisema anavuka kwenda Uganda.

"Niliangalia mpaka mwisho," anasema. "Sababu nilikuwa nafikiri labda atasimama."

Mama yao, Mukamugema, anachoma mahindi barabarani Kalengera, pale magari ya kaskazini yanapopumzika. Kwa kadiri Mukashyaka anavyojua, anaamini mwanawe yuko Uganda na amepoteza simu. Mukashyaka hakumwambia. Alijiapiza kwamba kwanza atafuta, mengine yatafuata, maana hakuna mama anayestahili kumkuta mwanawe kwenye simu ya dereva.

Hapo ndipo anapochemka. "Mutu anakufa, unatoa simu, unamupiga video. Sawa. Labda uliogopa, labda ulitaka batu bajue. Lakini unaandika chini, 'angalia mpaka mwisho'? Unamupendekeza marehemu sawa vile mi napendekeza serie?"

Anafuta kioo cha kompyuta kwa kiganja ingawa hakina vumbi. "Na miye? Guylain alileta flashi, lakini hii kidole njo ilibonyeza. Usiandike ati ni Guylain."

Kukumbuka nani alichukua nini ndiyo kazi yake, hivyo majina kumi na moja alikuwa nayo kichwani. Kwa majuma matatu amezunguka mitaa akiwatafuta. Wengi walifuta bila neno. Charline, mwimbaji wa kwaya, alimbishia mlangoni kwake: hii ni habari, na watu wana haki ya kujua.

"Nikamuambia, habari iko na jina. Niambie jina ya huyu wa ine. Akaanza kutafuta ndani ya simu. Nikamuambia, basi mi nitakuambia." Charline alifuta huku akilia, na Mukashyaka hakumbembeleza. Hakuwa na huruma ya kumgawia.

Kumi wamekwisha. Aliyebaki ni Sikuli, dereva wa lori la samaki wa Vitshumbi, anayepita Kalengera mara mbili kwa juma. Tena husimama kula mahindi.

Sikuli anaingia saa sita, ananuka makambale, na kabla hajaketi simu yake imekwisha kuchukuliwa.

"Nilishafuta, dada," anasema. "Balinieleza ni ndugu yako. Pole sana."

"Ulimuonyesha mama?"

"Hapana. Mungu ananiona, hapana." Anakwaruza kidevu, anatazama mlango. "Lakini ya kwangu ni moja tu. Kule Rutshuru batu tatu balitaka kunipa ileile. Madereva banaiangalia palepale Kalengera, bakingojea mahindi biive."

"Banaiangalia mbele yake?"

"Dada, ni yeye njo anabaomba. Kila gari likisimama anauliza kama tuko na video. Anatafuta mutoto wake ndani, na bado hakuna mwenye alimuonyesha. Juzi aliniomba na miye. Nikamuambia simu imezimika."

Mukashyaka anapasuka kwa hasira. Anawalaani waliopiga picha, aliyecheka na waliotuma, na Sikuli kwa kukaa kimya siku mbili. Anajilaani yeye mwenyewe: majuma matatu kuzunguka Goma akifuta simu za watu, na mama amekaa juani akiomba kuonyeshwa maiti. "Nilikuwa nakimbiza simu," anasema. "Sababu simu haiulizi kitu."

Anauliza lori linarudi saa ngapi. Saa nane, Sikuli anajibu, na kiti cha mbele kiko wazi.

Anachomoa waya wa kompyuta. Muuza makaa, ambaye filamu yake imefika nusu kunakiliwa, anaambiwa arudi Jumatano, naye anainuka bila kulalamika. Mpango wa Mukashyaka ni kukaa Kalengera siku tatu, au kadiri mama atakavyomhitaji, kisha arudi afungue kibanda. Watakaotaka za kuchekesha watazipata, hata wajane wa bulanjeri. Video ya maiti haitapita tena mezani pake, hata akiletewa na nani.

Tunamuuliza atamwambiaje mama yake. Anafunga kufuli, analivuta mara mbili kuhakikisha.

"Nitaanza na jina yake," anasema. "Nitasema, mama, Ntirenganya amekufa, na miye nilijua tangu mwezi wa kwanza. Akinipiga, anipige."