Fundi wa Kambini

Mshonaji huyu alizoea kujigamba kwamba ile kambi ya wanajeshi wa kigeni ndiyo shamba lake. Wenyewe walimletea suruali zinazoburura na mashati yanayobana, naye akapinda, akapanua, akala. Marehemu mama yake hakuikubali kazi hiyo hata siku moja. Shamba la kweli, lile la jembe, lilimezwa na ukuta wa kambi, na mama alikufa na kinyongo chake. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi aliinama akasomesha watoto.

Sasa kitindamimba, msichana wa chuo, akarudi nyumbani na kinyongo cha bibi yake.

"Baba, hawa waondoke. Ardhi ni yetu."

"Sawa, ardhi yetu. Na hili tumbo, la nani?"

"Baba nawe! Kila kitu tumbo?"

Jumatano vijana wakaziba lango la kambi. Kabla ya adhuhuri jirani akaja anahema: binti yako kakamatwa, yuko kwenye lori la polisi pale langoni, wanapelekwa mjini. Na waliopelekwa mjini mwaka jana, jamani, mama zao wanawatafuta hadi leo.

Fundi akatoka mbio na futi yake shingoni. Hofu ilikuwepo, ila hakukata tamaa. Wale wanajeshi si watu wake? Neno lao moja tu kwa polisi litatosha.

"Niitie sajenti, yule wa kitambi," akamwambia mlinzi wa lango, mwenyeji kama yeye.

"Mzee wangu, yule alisharudi kwao."

"Basi daktari wao."

"Naye kaondoka. Hawa hubadilishwa kila baada ya miezi michache, hukujua?"

Hakujua! Miaka yote hiyo, maskini, alijuana na viuno na mabega. Wenye viuno walikuwa wapita njia.

Akatoka afisa wa kambi, kijana wa kumzaa. Fundi akamsihi, mlinzi akatafsiri. Afisa akauliza jambo.

"Anauliza wewe nani."

"Mwambie mimi ndiye fundi wao."

Afisa akatabasamu, akanyoosha mkono. Kishikizo cha mkono wa shati kilikuwa kinaning'inia.

Mlinzi akaona haya. "Anasema umshonee, papa hapa."

"Na mtoto wangu?"

"Hajasema kitu kuhusu mtoto."

Pengine akiridhika atasema. Ndivyo alivyowaza, na mtu aliyeishiwa awaze nini kingine? Akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akainama. Aibu ikamchoma kuliko sindano.

"Baba!" Sauti ikatoka ndani ya lori. "Baba, usimshonee!"

"Namaliza, mwanangu. Namaliza sasa hivi."

Injini ikanguruma. Afisa hakugeuka hata kutazama; alikuwa akikagua kishikizo chake. Fundi alikuwa bado anakata uzi kwa meno lori lilipompita.