Mfuko Nyuma ya Mlango

Watu walimwita Mvi tangu akiwa kijana wa miaka ishirini, wala hakuwa na unywele mweupe hata mmoja. Ulikuwa unga. Alitoka kwenye chumba cha mashine ya kusaga mahindi akiwa na nyusi nyeupe, kope nyeupe, masikio meupe, na wanawake waliopanga foleni na ndoo zao wakamtania, "Shikamoo babu!" Naye akaitika, "Marahaba wajukuu, nani kawalea nyie?" Jina likaganda. Mvi za kweli zilipokuja, hakuna aliyeziona.

Miaka thelathini na moja alisimama pale. Hakuwa mtu wa kupima wala kuandika. Alisikiliza. Mkanda ukilegea, aliusikia kabla haujateleza. Kijiwe kikiingia kwenye mahindi, alikuwa ameshazima mota kabla mwenye mahindi hajashtuka. "Mashine haina siri kwa anayeisikiliza," alipenda kusema, na mkewe aliyarudia maneno hayo kwa majirani kama ni yake.

Nyuma ya mashine ulining'inia mfuko mrefu wa turubai wa kunasia vumbi. Mota ikiwaka, mfuko ulijaa ukasimama kama kifua cha mtu. Ikizimwa, ulishuka polepole ukitoa sauti, haaa. Mkewe alipompelekea chakula cha mchana hakupenda kuupa mgongo mfuko ule. Siku moja mota ilikuwa imezimwa zamani, watu wametawanyika, nao ukainuka tena mara moja, kidogo tu, ukashuka. Alimwambia mumewe. Mumewe alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichobaki. Mke hakuwa na shule kubwa, ila macho alikuwa nayo. Mwanzo Mvi alikohoa asubuhi tu. Kisha akaanza kusimama katikati ya ngazi, akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha akaacha viatu vya kamba, akavaa ndala, kwa sababu kuinama kulimkata pumzi.

Hospitali walimpulizisha kwenye kipimo mpaka macho yakamtoka. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, akawakalisha wote wawili.

"Mzee, ulinieleza una mfuko wa vumbi kazini. Basi mapafu ni hivyo hivyo, ila ndani yake kuna vifuko vidogo mamilioni, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa myembamba kuliko unywele. Hewa nzuri inaingia, damu inaichukua. Damu inaacha hewa chafu, wewe unaitoa. Sasa vumbi, na zile sigara zako, vimevimbisha mirija na kuchana vifuko. Hewa inaingia, kutoka inakwama."

"Na miguu?" mke akauliza. "Jioni inavimba. Nikibonyeza, kishimo kinabaki."

"Hapo ni moyo, mama. Moyo ndiyo mota. Upande wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni, upande wa kushoto unaisambaza mwilini. Mapafu yakiharibika, ule wa kulia unasukuma mlango uliofungwa. Unachoka, maji yanabaki miguuni."

"Kumbe maji yamezidi unga," Mvi akasema, na muuguzi akacheka bila kutaka.

Aliacha kucheka alipofika kwenye dawa. Pampu ya kahawia ya kuvutia dawa kila siku, abanwe kifua asibanwe. Ya bluu akibanwa. Akitoa pumzi abane midomo, apulize polepole kama anapoza chai ya moto, ili hewa iliyokwama ipate njia. Chumbani anakolala pasiwe na vumbi.

"Na hii ya bluu ina mipulizo mia mbili. Kila ukipuliza, weka alama kwenye hii kadi. Dawa ikiisha, pampu haitawaambia. Itaendelea kulia pss vilevile, na wewe utakuwa unavuta upepo mtupu." Akamgeukia mke. "Mama, akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, usingoje. Safari hii tumemuwahi. Mkichelewa nyingine, mtatuletea maiti."

Mke alilibeba neno hilo mpaka nyumbani. Mvi alibeba pampu.

"Nihesabu pss? Mimi? Nimesikiliza mashine kabla yule binti wa hospitali hajazaliwa. Ikipungua nitasikia."

"Sikio la kufa halisikii dawa, baba watoto."

"La kwangu halijafa. Linakusikia wewe kutwa nzima."

Kadi ikaingia kwenye droo bila alama.

Alipoacha kazi, mwenye mashine alimuuliza atachukua nini cha ukumbusho. Akachagua mfuko. Aliuning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. "Umenibebea vumbi miaka yote," akauambia, "na wewe pumzika." Mkewe alitaka kukataa, lakini alimwona anavyohema kwa kazi ya kupigilia msumari mmoja tu, akamwachia.

Basi yakaanza mambo ambayo hakumwambia mtu. Mchana, mume akiwa kibarazani kwenye kiti chake, yeye jikoni alisikia filimbi ya kifua cha mumewe ikitoka chumbani. Alikwenda kutazama. Kitanda kitupu, dirisha limefungwa. Nyuma ya mlango, mfuko ulijaa taratibu, ukasimama, ukashuka. Haaa.

Alirudi mpaka mlango wa kibaraza. Mvi alivuta pumzi, na chumbani turubai likakwaruza ukuta. Mvi alipuliza kwa midomo iliyobana, na turubai likalegea. Alisimama katikati ya ukumbi, sikio moja huku, moja kule, akahesabu hadi ishirini. Havikupishana hata mara moja.

Angemwambia nani? Binti yao, aliyekaa mtaa wa pili na kuja kila Jumatatu kufua, angesema mama amechoka, alale. Kwa hiyo akauzoea, kama mtu anavyomzoea mpangaji asiyesalimia. Hata ulimfaa. Akiwa anakunja nguo chumbani alijua mumewe yu hali gani bila kutoka nje.

Alhamisi moja, saa sita mchana, alikuwa anakunja mashuka. Nyuma ya mlango mfuko ulikwenda mbio kuliko kawaida, pumzi fupi fupi. Akageuka. Ukainuka, ukajaa, ukasimama. Akangoja ushuke. Haukushuka. Ulining'inia pale umevimba, umekaza, hausikiki.

Hewa inaingia, kutoka inakwama.

Alidondosha shuka akakimbia. Mvi alikuwa ameinama kitini, mikono kwenye magoti, mabega yamepanda hadi masikioni. Midomo ilikuwa rangi ya jivu lililonyeshewa. Mkononi alishika pampu ya bluu na kuibonyeza, pss, akaibonyeza tena, pss.

"Bado... inalia," akasema. "Bado... ina..."

Hakumaliza. Mke akaitazama pampu ile. Rangi imebanduka pembeni, kizibo kina alama ya meno ya mjukuu. Tangu mjukuu aote meno pampu ni hiyo hiyo. Yule mtu aliyesikia kijiwe ndani ya debe la mahindi alikuwa amekaa siku nzima akinywa upepo, kwa sababu sauti ilikuwa sawa.

Mpya ilikuwa kabatini, haijafunguliwa, imehifadhiwa hadi ya kwanza iishe. Aliifungua kwa meno. Akaichomeka kwenye chupa ya plastiki ya kuvutia dawa waliyopewa hospitali, akamwekea mdomoni.

"Vuta. Sasa poza chai. Poza, baba, usimeze. Tena."

Huku akimpigia kelele jirani dereva wa teksi, ambaye alikuja na shati halijafungwa vifungo.

Hospitali wakamvalisha oksijeni, wakambana kidole kwa kibanio cha kupima hewa ya damu, wakamchoma sindano. Daktari alitoka baada ya saa nzima akasema atapona, ila wangechelewa nusu saa zaidi angesema mengine. Mke akakaa kwenye benchi.

Binti akafika anahema. "Mama! Jirani anasema ulitoka ndani mbio hata baba hajakuita. Ulijuaje?"

Alichoka kuficha. "Mfuko ulisimama."

"Mfuko gani?"

"Wa baba yako. Nyuma ya mlango. Ulijaa ukagoma kushuka."

Binti alimtazama. Akaketi, akaushika mkono wa mama yake.

"Mama, ule mfuko nimeuchoma Jumatatu. Ulikuwa umekwenda dukani. Nilimwambia baba kwamba muuguzi alikataza vumbi chumbani, akaguna, akasema chukua. Nilidhani amekuambia. Nyuma ya mlango pana msumari tu."

Jioni mke alirudi nyumbani peke yake kuchukua nguo za mgonjwa. Alisukuma mlango taratibu. Msumari. Chini yake, ukutani, doa refu jeupe la unga, lenye umbo la kitu kilichokaa sana mahali pamoja. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji, ili vumbi lisiruke. Kisha akaitoa ile kadi kwenye droo, akaitoboa, akaitundika kwenye msumari.

Mvi alirudi baada ya siku sita, mwembamba, mpole. "Masikio yamestaafu," alisema. Sasa kila akibonyeza anaita, "Mama, andika moja!" naye anakwenda nyuma ya mlango na kalamu, apende asipende.

Asubuhi moja mke akiwa jikoni alisikia karatasi ikigonga ukuta chumbani. Alikwenda. Dirisha limefungwa. Kadi ilinyanyuka kwenye msumari, ikatulia hewani kidogo, ikashuka. Kibarazani Mvi alikuwa anapoza chai yake isiyokuwepo.

Hakuigusa. Alihesabu alama: mia moja tisini na moja kati ya mia mbili. Akachukua mkoba wake, akaenda kufuata pampu mpya.